Kisu Kilichooshwa Ziwani

Ijumaa nilikabidhi ufunguo wa stoo ya vidhibiti na kusaini daftari. Msichana aliyeupokea akaniuliza kama kuna jambo lolote anapaswa kulijua ambalo halimo kwenye mwongozo. Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri siku nne hapa nyumbani Kashikishi, nikianika chisense mchangani, wale dagaa wadogo wa Ziwa Mweru wanaokauka kabla hujamaliza kuwageuza, na naona jibu ni refu kuliko nilivyodhani. Basi naliandika.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ninyi mnaonifuata mko pande mbili za ziwa. Wa Zambia watasema Kibemba kingetosha, wa Congo watataka Kifaransa. Lakini maneno mengi niliyoyasikia kazini, ya kujitetea, ya kuapa na ya kunitukana, yalisemwa kwa Kiswahili cha bandarini. Tena mama yangu mzazi alivuka akiwa bibi arusi kutoka Kilwa ya Congo, ule mji wa ng'ambo, si kisiwa chetu cha jina hilo. Kiswahili cha kuandika nilikipata kwenye redio na vitabu, msinicheke sana.

Habari za vyeo sitazieleza. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili viatu vilikuwa vilevile.

Viatu hivyo nilipewa siku ya kwanza. Vilikuwa vya mwanaume, namba tisa, nami navaa sita. Niliyekabidhiwa kwake anifundishe kazi, Ba Chisenga, aliviangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Jaza magazeti ndani. Wanyama hawasomi." Huo ndio ulikuwa ukaribisho wangu katika idara ya wanyamapori.

Ba Chisenga alikuwa mfupi, mwepesi wa hasira, na alikuwa na pua. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Ulikuwa ukimletea kipande cha nyama iliyokaushwa kwa moshi, anakata unyuzi, anauweka juu ya kaa la moto, anafumba macho na kunusa ule moshi mdogo. Halafu anataja mnyama. "Nyati." "Kiboko." Siku moja alisema, "Kiboko, na ni jike," lakini hapo nadhani alikuwa anatafuta sifa, maana kulikuwa na wageni.

Lazima muelewe kwa nini pua ile ilikuwa mali. Nyama ikikaa juu ya moshi siku tatu huwa nyeusi na ngumu, haina ngozi, haina mfupa, haina sura. Kiboko, nyati, ng'ombe, zote zinakuwa kama gome la mti. Mwindaji haramu analijua hilo kuliko sisi. Anaikata vipande, anaifukia katikati ya magunia ya chisense, na akikamatwa anaimba wimbo mmoja: ngombe, mukwai, yaani mheshimiwa, ni ngombe. Katika miaka yangu ya mwanzo nadhani niliambiwa habari za ng'ombe wengi kuliko waliopo mkoa mzima.

Kesi iliyonifundisha udhaifu wetu ilikuwa ya mtu tuliyemkamata njia ya Mwansabombwe na magunia mawili. Ba Chisenga alinusa, akasema ni nyati. Mahakamani wakili wa yule mtu alisimama taratibu, akafuta miwani, akamuuliza, "Mzee, hiyo pua yako imesoma wapi? Ina cheti?" Watu wakacheka, hakimu naye akainama kuficha uso. Mtu yule aliachiwa siku hiyohiyo. Alipotupita nje alitusalimia kwa mkono, kwa adabu kabisa, kama tuliokutana harusini. Ba Chisenga alitangulia mbele yangu mpaka ofisini. Kisha akasema, "Nilikuwa sahihi," na akaenda kulisha kuku wake.

Miaka ikapita hivyo. Tulikamata, tulinusa, tulishindwa. Halafu likaja sanduku.

Lilikuwa la plastiki ya buluu, na kabla ya kupewa nilipelekwa kwenye mafunzo ya wiki mbili. Aliyetufundisha alitoka maabara, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, jina lake Madam Tembo. Ndiyo, Tembo, na kazi yake kubwa ilikuwa meno ya tembo. Alishazoea utani huo, kwa hiyo alitupa dakika tano tucheke wote kwa pamoja, akaangalia saa, akaanza.

Alitueleza hivi, nami nawaeleza vilevile. Kila kipande cha nyama, hata kikiwa kidogo kama ukucha, kimebeba ndani yake maandishi ya mnyama aliyekitoa. Maandishi hayo ndiyo DNA. Maabara inayasoma na kuyalinganisha na ya wanyama wanaojulikana, kisha inasema huyu ni kiboko, huyu ni nyati. Na kama una kipande cha mzoga porini na kipande cha nyama sokoni, inaweza hata kukuambia kama walikuwa mnyama mmoja. Niliposikia hayo nilimfikiria yule wakili na miwani yake, nikafurahi peke yangu.

Ndani ya sanduku mlikuwa na glavu, vichupa, nyembe zilizofungwa moja moja kwenye karatasi, gundi ya muhuri na penseli. Penseli, kwa sababu wino hulia ukipata unyevu. Sheria ilikuwa fupi: wembe mmoja, kipande kimoja. Ukishakata, wembe huo umekufa, utupe. Madam Tembo alirudia kila asubuhi, "Ukiokoa wembe, umepoteza kesi." Tuliitikia kama watoto wa shule ya Jumapili.

Kesi ya kwanza ya sanduku ilikuwa ya mtu wa Kafutuma aliyedai amebeba nguruwe. Kwangu hilo lilikuwa afadhali, angalau alikuwa na ubunifu. Karatasi ya maabara iliposomwa mahakamani kwamba nguruwe wake ni kiboko, alisema, "Basi kama mnajua, mnaniuliza nini?" Akakiri. Hakuna aliyeuliza cheti cha pua.

Baada ya hapo jina langu lilivuka ziwa. Wakongomani wanasema ADN, kwa Kifaransa, kwa hiyo wafanyabiashara wa bandarini wakaanza kuniita Mama ADN. Nilijifanya silipendi jina hilo. Ukweli ni kwamba nililipenda mno, nikaanza kutembea kama huyo Mama ADN mwenyewe. Ba Chisenga alikuwa amestaafu kufikia wakati huo, wakamrudisha kuwa mlinzi wa stoo ya vidhibiti, na kila nilipopita na sanduku alikuwa akigusa pua yake na kusema, "Pole, rafiki yangu, umefukuzwa kazi na plastiki."

Sasa nafika penye jibu la swali la yule msichana.

Ilikuwa katika ile miezi uvuvi unapofungwa ili samaki wazae. Watu wakikosa samaki hutafuta nyama, kwa hiyo kwetu ndio msimu wa kazi. Asubuhi nilienda upande wa Kafutuma, ambako kiboko alikuwa ameuawa usiku wa kuamkia siku hiyo na kukatwakatwa kwenye matete. Wawindaji walikuwa wamekimbia na sehemu kubwa ya nyama. Nilichukua vipande vingi kutoka kwenye mzoga, sehemu mbalimbali, ili nyama ikitokea sokoni tuilinganishe. Nyembe zote za sandukuni zikaisha, na vipande vya mwisho nilivikata kwa kisu changu mwenyewe, kile cha samaki, chenye mpini uliofungwa waya, ambacho kila mwanamke wa ufukweni anacho kwenye mfuko wake. Kwa kuwa mzoga ulikuwa mmoja, hapo hapakuwa na dhambi.

Mchana niliitwa bandarini Nchelenge. Polisi walikuwa wamemshusha mama mmoja kwenye boti la Kilwa ya Congo akiwa na kikapu cha nyama ya moshi. Alikuwa mnene, wa umri wangu, kitenge cha kanisa kiunoni, na hakuwa akilia. Jina lake Mama Ilunga. Aliniambia kabla sijauliza.

"Mama, hii ni ngombe. Nilinunua nusu yake ku Mwansabombwe, ku harusi. Nilimuona na macho yangu akiwa muzima."

"Karatasi ya kuchinja iko wapi?"

"Harusi inatoaka karatasi?"

"Wote wanasema ng'ombe, mama."

"Bote banasema bile. Mais lakini miye nasema kweli."

Niliyasikia maneno hayo kama mnavyosikia injini ya boti, yaani sikuyasikia. Nilitoa glavu mpya, vichupa vipya, na nyembe hazikuwepo. Kurudi ofisini kuchukua nyingine kungenipotezea saa mbili na boti lilikuwa linasubiri. Basi nilishuka hatua tano hadi majini, nikakisugua kile kisu kwa mchanga, nikakisuuza mara tatu, nikakipangusa.

Sisi tuliozaliwa ufukweni tuna imani moja ambayo hakuna mchungaji aliyetufundisha: kitu kilichooshwa ziwani ni safi. Sufuria, samaki, sahani ya mgeni, mtoto mwenyewe. Mama yangu angekupiga kofi ukisema sivyo. Kwenye fomu ya sampuli kuna swali linalouliza kama kifaa ni safi. Niliandika ndiyo, na sikudanganya. Niliamini.

Nilikata vipande vitatu kutoka kwenye nyama ya Mama Ilunga. Alikuwa akiangalia mikono yangu muda wote.

Aliwekwa rumande. Hakuwa na mtu wa upande huu wa kumdhamini, na watoto wake wanne walibaki ng'ambo kwa dada yake. Kama angepatikana na hatia angefungwa miaka, si miezi. Siku chache baadaye alikuja ofisini mzee mmoja kwa baiskeli, kutoka Mwansabombwe, amefunga kwenye keria pembe mbili za ng'ombe. Ndiye aliyeozesha binti yake na kumuuzia Mama Ilunga ile nusu. Alizitua pembe mezani kwangu kwa uangalifu, kama mayai. Nikamwambia, "Baba, pembe zinaonyesha kwamba ng'ombe alikuwepo. Hazionyeshi kwamba nyama hii ni yake." Niliona nimejibu vizuri sana. Mzee alizifunga tena pembe zake na kuondoka, na baiskeli yake ilikuwa haina breki, nakumbuka alivyoburuza viatu akiteremka.

Majibu ya maabara yakaja. Kipande cha kwanza: kiboko. Cha pili na cha tatu: havikusomeka. Niliikunja karatasi nikampelekea mkuu wangu, nikamwambia kimoja kinatosha. Akafurahi. Wageni kutoka mkoani walitarajiwa kuja kuisikiliza kesi hiyo, waone sanduku linavyofanya kazi.

Wiki moja kabla ya kesi nilifungua muhuri wa kidhibiti mbele ya shahidi ili kukipima uzito, kama utaratibu unavyotaka. Makombo kidogo yalidondoka kwenye gazeti. Ba Chisenga alikuwa mlangoni, na jiko lake la makaa lilikuwa linachemsha chai. Alinyoosha kiganja. Nikajiambia makombo si kidhibiti, nikampa. Alifumba macho. Moshi ulipanda kidogo sana.

"Ng'ombe," akasema.

"Ni kiboko, mukwai. Karatasi hii hapa."

"Ng'ombe, Bana Mutale." Mutale ni kifungua mimba wangu, na Ba Chisenga aliniita hivyo alipokuwa hana utani.

"Hii ni sayansi. Inasoma ndani ya nyama."

"Mimi nimewahi kukosea mara ngapi?"

Nilimsogezea karatasi.

"Sisemi karatasi inadanganya," akasema akinywa chai. "Nasema hii ni ng'ombe. Kama vyote viwili ni kweli, kuna mahali vilipokutana. Nenda katafute."

Nilikasirika. Nilimwona mzee mwenye wivu na sanduku. Lakini hasira yangu ilikuwa na shimo, na kupitia shimo hilo nilienda mezani kwangu nikafungua kijitabu cha siku ile. Mwandiko wangu wa penseli ulikuwa wazi. Asubuhi: mzoga wa kiboko, Kafutuma, nyembe zimekwisha, nimemalizia kwa kisu. Mchana: bandarini, nyama ya moshi, vipande vitatu. Hapakuwa na kitu kingine kati ya mistari hiyo miwili. Hapakuwa na wembe mpya.

Nilimpigia Madam Tembo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ulikiosha kwa kitu gani?"

"Kwa maji ya ziwa, madam. Na mchanga."

Alivuta pumzi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alinieleza kwamba moto na moshi huyachanachana maandishi ya nyama mpaka yanabaki vipande vidogo. Nyama ya Mama Ilunga ilikuwa inanong'ona tu. Ile damu mbichi ya kiboko iliyojificha kwenye mpini wa kisu, chini ya waya, ilikuwa inapiga kelele, na mashine humsikia mwenye kelele. Kipande cha kwanza kilifuta sehemu kubwa ya damu hiyo, ndiyo maana cha pili na cha tatu havikusomeka. "Hilo lilipaswa kukushtua," akasema. "Nitumie kipande kingine. Kutoka katikati kabisa, na wembe mpya. Na Bana Mutale, andika ulichokifanya, leo hii."

Nilikata kingine siku hiyohiyo, mbele ya mashahidi wawili. Lakini kuandika sikuandika. Kwa siku mbili sikufanya kitu. Naliweka hili hapa mlijue, kwa sababu mwongozo unasema afisa akigundua kosa hulitolea taarifa mara moja, na haukumfikiria afisa mwenye woga. Niliogopa. Niliwaza wageni wa mkoani, niliwaza jina la Mama ADN. Nilienda kanisani katikati ya wiki, jambo nisilolifanya, nikakaa nyuma.

Siku ya tatu nilimwambia mkuu. Hakuwa mtu mbaya. Alifunga mlango na kusema polepole, "Umefikiria kesi zako nyingine? Ukifungua mlango huu, wote watataka kupita. Majibu ya kipande kipya yakija ni ng'ombe, tutaiondoa kesi kimyakimya. Hakuna haja ya wewe kusimama."

"Na yakichelewa?"

"Basi yatachelewa."

Kutoka ofisini kwake nilienda moja kwa moja rumande. Mama Ilunga aliletwa tukakaa kwenye benchi, na askari wa kike akiwa mlangoni. Alikuwa amekonda, na kitenge kilekile cha kanisa kilimzunguka mara mbili. Nilimwambia yote kwa Kiswahili cha mama yangu. Kisu, kiboko, ziwa. Nilitegemea apige kelele. Akaniuliza swali moja.

"Unayua hii depuis lini?"

"Tangu juzi."

"Na juzi ulilala mu nyumba yako?"

"Nililala."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei. "Siku mbili. Humu ndani nahesabuka siku, mama, sina kazi ingine. Zile zote ni za polisi na za kisu yako. Mais hizi mbili ni za weye mwenyewe."

Sijawahi kusikia hukumu iliyopimwa vizuri kuliko hiyo. Nilirudi ofisini nikaandika taarifa kurasa tatu, nikaipeleka mahakamani mwenyewe kabla mkuu hajarudi kutoka chakula cha mchana.

Majibu ya kipande kipya yalifika siku moja kabla ya kesi. Ng'ombe. Wageni wa mkoani walikuja, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuwazuia, wakakaa mstari wa mbele. Nilisimama na kusema kwamba sampuli ya kwanza ilikatwa kwa kisu kilichokata kiboko asubuhi yake. Hakimu akauliza nani aliyekata. Nikasema mimi. Akauliza nani aliyeandika kwenye fomu kwamba kifaa ni safi. Nikasema mimi. Akauliza nilikisafisha kwa njia gani, na niliposema nilikiosha ziwani, niliona nusu ya watu mle ndani wakiitikia kwa kichwa, kwa sababu kwao swali lilikuwa limekwisha. Karani naye aliitikia.

Mama Ilunga aliachiwa. Hakunishukuru, na ilikuwa haki yake.

Mkuu hakunisemesha mpaka uvuvi ulipofunguliwa. Mafaili yangu yote ya nyuma yalitolewa stoo, nikahojiwa juu ya kila sampuli: wembe gani, mkono gani, saa ngapi. Karibu yote yalisimama, kwa sababu kijitabu kilikuwa kinaonyesha nyembe mpya. Kesi ya mtu mmoja sikuweza kuiapia. Mtu huyo alitolewa gerezani, nami naamini hadi leo kwamba alikuwa mwindaji, na nikikutana naye Kashikishi sokoni ananisalimia kwa heshima inayoniumiza. Ndiyo gharama, na naiona ni ya haki. Ba Chisenga alikuwa na neno moja tu. Alisema, "Sasa angalau umejua sanduku lina pua ya nani." Alimaanisha yangu. Alifariki mwaka uliofuata, na sijapata mwingine wa kunikasirisha kwa faida kama yeye.

Nilidhani yameisha. Lakini miezi michache baada ya kesi, asubuhi moja, Mama Ilunga alisimama mlangoni pangu. Alikuwa amevuka na boti la kwanza. Nilimkaribisha kiti, akakataa.

"Sikukuya kukaa. Nakuya kukuambia kama soko yangu imekufa."

"Kwa nini? Una karatasi ya mahakama."

"Ni ya kingereza. Nani anasoma kingereza kule? Batu banaogopa nyama yangu. Banasema Mama ADN alishaandika jina yangu. Banasema ukikula nyama ya Mama Ilunga, Mama ADN atakupima, atakuta kiboko mu tumbo."

Nilitaka kucheka, kisha nikaona uso wake.

"Nitakuandikia barua kwa Kiswahili," nikasema. "Nitaisaini."

"Barua tena." Aliangalia mikono yangu kama siku ile bandarini. "Ulinifunga na karatasi, ukanifungua na karatasi. Miye nachoka na karatasi zako, mama. Kuya weye."

Jumamosi nilivuka. Sare niliiacha nyumbani, hairuhusiwi ng'ambo, nikavaa kitenge kama mtu yeyote. Haikusaidia kitu. Nilipoingia soko la Kilwa nilisikia jina langu likinitangulia kutoka meza hadi meza, Mama ADN, Mama ADN, na wanawake wakifunika vikapu vyao hata wale waliokuwa wanauza nyanya. Meza ya Mama Ilunga ilikuwa katikati, nyama nyeusi ya moshi imepangwa vizuri juu yake, na hakuna mtu mbele yake.

Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alikuwa amebandika sufuria tangu asubuhi. Aliweka kigoda mahali ambapo soko zima lingekiona, akaniwekea sahani ya bukari, yaani ugali wa kwao, sombe ya majani ya muhogo pembeni, na vipande vitatu vya nyama juu. Vitatu. Sijui kama alivihesabu, lakini mimi nilivihesabu. Watu walisogea, wakasimama duara. Nikanawa mikono, nikakata bukari, nikaanza kula. Nilikuwa na aibu kubwa, na nyama ilikuwa ngumu, na nilitaka iishe niondoke, basi nikawa namega harakaharaka na kumeza bila kutafuna sawasawa.

Mama Ilunga aliinama, akaweka mkono wake mzito juu ya bega langu.

"Kula polepole," akasema. "Baone."